KABLA YA KUKATA MSHAHARA, FUNGUENI BONETI

Ndugu zangu madereva, makanika, mataniboi na wafanyakazi wote wa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha,

Leo twaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema si la chama. Watasema gari likimisi hiyo ni kazi ya gereji, na chama kishughulike na mishahara. Haya. Mishahara ya madereva wetu inakatwa kila mwezi kwa sababu ya injini zinazomisi. Kwa hiyo injini inayomisi ni kazi ya chama, na atakaye kubishana nasi aje mkutanoni na karatasi yake ya malipo mkononi.

Kila aliyekaa nyuma ya usukani wa pikapu kuukuu aijua sauti ile. Injini inakwenda sawasawa, halafu inaruka pigo moja, gari linatikisika, na eksozi inatoa kishindo kidogo kama mtu anayezuia kikohozi. Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi haikuwaka zamu yake ilipofika. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, moto wapasa kuwaka mara 6,000 katika dakika hiyo. Ili kila moto uwake lazima pawe na cheche kwa wakati wake, hewa na petroli kwa kipimo chake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Kipungue kimoja, silinda hulala. Someni orodha hiyo tena mwone kama jina la dereva limo.

Sasa tazameni inavyokuwa huku kwetu. Gari linarudi kituoni linamisi. Msimamizi hamwulizi dereva neno. Amwita fundi, na fundi asema, "Plagi." Zanunuliwa plagi nne. Gari lamisi bado. "Basi ni koili." Yanunuliwa koili. Gari lamisi bado. "Kabureta ni chafu." Kabureta yafunguliwa, yaoshwa, yafungwa na gasketi mpya. Gari lamisi bado. Hapo ndipo jina la dereva linapotajwa kwa mara ya kwanza! "Huyu analiendesha vibaya. Huyu atia petroli chafu njiani." Na hesabu ya plagi, koili, gasketi na kazi ya fundi yapelekwa kwa karani wa mishahara.

Sisemi haya kwa kusikia. Mwaka 2011 nilikuwa naendesha pikapu ya Peugeot 504 ya mwajiri mmoja, jina lake naliacha kwa kuwa biashara ile ameifunga. Nilikuwa nabeba maziwa kutoka Molo na Elburgon kuleta Nakuru. Gari lilikuwa zee lakini lenye nguvu, kama yalivyo magari hayo. Wazee wetu wakumbuka Peugeot 404 ilivyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Gari langu halikuwa la mashindano. Likaanza kumisi.

Nilimwambia msimamizi vile vile nilivyoona. Nikamwambia: likisimama pahali injini inanguruma vizuri, haina neno. Nikipanda kwenda Elburgon, pedali nimeikanyaga mpaka chini, lavuta kama ng'ombe dume. Lakini nikifika tambarare za Njoro, mguu wangu mwepesi, mwendo wa kawaida tu, ndipo linapoanza kumisi. Nikikanyaga tena mpaka chini, lanyamaza.

Msimamizi akacheka. Akawaita wengine waje wacheke pia. "Njooni mwone gari lipendalo mlima na kuchukia tambarare!" Nami nikaona haya, nikanyamaza. Wakanunua plagi, wakanunua koili, wakaosha kabureta. Gari likaendelea kupenda mlima. Mwisho wa mwezi nikaitwa ofisini, nikapewa karatasi nitie sahihi kwamba nakubali kukatwa theluthi ya mshahara kwa miezi mitatu. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kodi ya nyumba haijalipwa. Nikatia sahihi.

Jumapili moja nikalipeleka gari, bila ruhusa, kwa mzee mmoja wa jua kali mjini Nakuru, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti na sanduku moja la spana. Sikuwa na kitu cha kumpa ila fedha ya chai. Hakugusa boneti. Aliniuliza, "Kijana, lamisi lini?"

Nikamwambia, "Mzee, lamisi sana."

"Sikukuuliza kiasi. Nimekuuliza lini."

Nikamweleza habari ya mlima na tambarare, nikitazamia naye acheke. Hakucheka. Akaniambia niwashe injini, akachomoa kimpira chembamba kinachotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa, akatia mdomoni ule upande uendao kwenye distributa, akanyonya. Injini ikamisi mara mbili, ikazima. Akaniambia niwashe tena. Akanyonya tena. Ikazima tena. Akafungua kofia ya distributa, akanionyesha waya mmoja mdogo, urefu wake haupiti kidole changu. Kwa nje ngozi yake ilikuwa nzima kabisa. Akauvuta kidogo kwa koleo, ukanyooka kama mpira. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika.

Nitaeleza jambo hili polepole kwa wale wasiojua, kwa maana ndilo kiini cha maneno yangu. Kando ya distributa za magari hayo kuna kopo dogo la bati. Ukiendesha kwa mguu mwepesi, kabureta hunyonya hewa ya kopo hilo kwa kile kimpira, na kopo huvuta bamba lililobeba pointi, ili cheche ije mapema kidogo na petroli isipotee bure. Ukiacha injini isimame pahali pamoja, kwa magari mengi ya namna hiyo, mvuto haupo. Ukikanyaga mpaka chini, mvuto huisha na bamba hurudi mahali pake. Basi bamba lile huenda na kurudi, huenda na kurudi, siku zote za maisha ya gari, na waya mdogo unaopeleka umeme kwenye pointi hupindwa pamoja nalo. Siku moja shaba hukatika ndani ya ngozi. Bamba likiwa limerudi, ncha mbili hugusana na umeme wapita. Bamba likivutwa, ncha huachana na cheche hupotea. Ndiyo sababu gari lilipenda mlima!

Maneno yangu yale yale yaliyochekwa gereji ndiyo yaliyokuwa jibu. Jibu lilikuwa limesimama mbele ya msimamizi, lina kofia mkononi, naye akalifukuza.

Mzee akatia waya mpya. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Jumatatu nikamwambia mwajiri habari yote, nikamwonyesha waya uliokatika, nikaomba fedha yangu. Akaniambia, "Si gari limepona? Ya nini kurudia mambo ya zamani?" Hakurudisha hata senti.

Sasa sikilizeni vizuri sheria inavyosema, kwa maana siku ile mimi sikuijua, na kwa aibu yetu hata mwakilishi wa chama mahali pale hakuijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, lakini kwa sharti kwamba uharibifu ule umetokana na kosa la KUSUDI la mfanyakazi. Kusudi! Hakuna neno linalosema gari likiwa kuukuu dereva alipe. Na hata makato yakiwa ya haki, yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara kwa mara moja. Tena kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kikaoni.

Basi twawauliza mabwana hawa: mtu ambaye hajui ni kitu gani kilichoharibika atajuaje kwamba kimeharibiwa kwa kusudi? Amebadilisha plagi, koili na gasketi, na ugonjwa uko pale pale. Maana yake plagi zile zilikuwa nzima, koili ilikuwa nzima. Anamkata dereva mshahara kwa vitu ambavyo havikuwa vimeharibika! Hakupimwa dereva, wala halikupimwa gari. Kilichofanyika ni kubahatisha, na mchezo wa bahati ukichezwa kwa fedha za mwingine mchezaji hana haraka ya kuacha.

Na ninyi makanika msifikiri tutawapita. Twawapenda, wengi wenu ni wanachama, lakini ukweli lazima usemwe. Wako mafundi ambao hawapimi kitu. Wana rafiki katika duka la spea, na kila gari liingialo lina ugonjwa ule ambao duka lina dawa yake. Wengine si wabaya, ila hawakufundishwa. Walishika spana utotoni, wakaambiwa "badilisha hiki," na mpaka leo wanabadilisha. Hata aliye na cheti cha majaribio ya serikali huweza kusahau kupima akiwa msimamizi amesimama nyuma yake na saa mkononi.

Kupima gari la namna hii hakutaki mashine ya fedha nyingi. Kwanza sikiliza eksozi. Kishindo kikija kwa mpango, kila mara mahali pale pale pa wimbo, ni silinda moja inayolala. Kikija ovyo ovyo, tafuta kitu kinachotumiwa na silinda zote: pointi, kondensa, koili, rota, au petroli. Hilo peke yake, lisilogharimu chochote, limekwisha kugawanya kazi nusu kwa nusu.

Ikiwa ni silinda moja, itafute. Zima injini, toa waya wa plagi moja, uushikamanishe na chuma cha injini, washa, sikiliza. Injini ikizidi kudhoofika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi, irudishie. Endelea na ya pili, ya tatu. Ukifika kwenye ile ambayo kuitoa waya hakubadilishi kitu, umempata mlalaji. (Msifanye mchezo wa kuchomoa waya injini ikienda na kuuacha ukining'inia. Kwenye pointi utarushwa na umeme, na kwenye magari yenye cheche za elektroniki waweza kuua kifaa ambacho bei yake ni kubwa kuliko plagi ishirini. Hapo ndipo dereva atakapokatwa tena.)

Umempata mlalaji. Sasa usikimbilie dukani! HAMISHA. Plagi ya silinda ile itie kwa jirani yake, na ya jirani uilete hapa. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, ni plagi, nenda ukanunue moja. Usipohama, hamisha waya namna hiyo hiyo. Usiku fungua boneti gizani, injini ikienda, utaona cheche za buluu zikitembea juu ya waya uliopasuka kama siafu. Rangi ya plagi nayo ni barua: kahawia au kijivu ni afya, masizi makavu meusi ni petroli nyingi au hewa kidogo, weusi wenye mafuta ni oili inapita, nyeupe ni joto au hewa nyingi, na hapo nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi na vimpira vyake usikie kama mlio utabadilika, kwa maana hewa ya wizi yaingia. Kwenye Peugeot hizi tazameni pia shimo refu ambalo plagi imekaa ndani yake. Oili au maji hukusanyika mle, na cheche hutafuta njia fupi.

Ikiwa cheche ni nzuri na petroli ni nzuri, pima mgandamizo. Injini iwe na joto, plagi zote nje, waya wa koili umetolewa, pedali mpaka chini. Silinda iliyo chini ya wenzake itie kijiko cha oili, pima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imekata kati yao.

Hapa nina jambo la kuwaambia wasimamizi wanaopenda kufungua kitabu. Kitabu kiliandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850 juu, na msukumo wa hewa yetu ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa. Kitabu kikisema pauni 150, injini nzima kabisa itasoma kama 120 hapa Nakuru, na huko Timboroa, reli inapopita zaidi ya mita 2,700, itasoma chini zaidi. Nimeona injini nzima ikihukumiwa kufa kwa kitabu, na dereva wake akihukumiwa pamoja nayo! Linganisheni silinda na silinda mwenzake. Kabureta iliyopimwa pwani nayo, ikifika Molo, humwaga petroli nyingi kwa hewa chache, na plagi zote nne huwa nyeusi. Hapo utamkata nani? Utaukata mlima wa Mau?

Na ukungu wa asubuhi wa Molo na Mau Narok huingia katika kofia ya distributa. Gari lamisi saa kumi na mbili, ikifika saa mbili limepona lenyewe, na msimamizi anayeamka saa tatu asema dereva ni mwongo. Kitambaa kikavu ndicho dawa, pamoja na kutazama kama kofia ina ufa. Habari ya vumbi la Nakuru sina haja ya kuwaelezeni ninyi mnaolila.

Petroli ni neno refu. Ni kweli kwamba kuna petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Serikali yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2018 ilipotoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wachanganyaji. Je, dereva ndiye anayechagua kituo? Kwingi huku kwetu mwajiri ndiye mwenye hesabu na kituo fulani, na dereva huambiwa atie pale na si pengine. Tena mwisho wa mwaka 2005 nchi yetu iliacha petroli yenye risasi. Jambo hilo lilikuwa jema kwa afya za watoto wetu, lakini risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu katika baadhi ya injini za zamani. Injini ya namna hiyo yataka nafasi za valvu zipimwe mara kwa mara, la sivyo valvu hukosa kufunga na silinda hulala. Ni nani anayepaswa kutoa amri ya kupima? Aulizwe mwenye gari.

Wenye Hilux za injini za kompyuta wasidhani wameokoka. Mashine husomwa, namba hutokea: P0301, P0302, na kadhalika. Namba hiyo yasema SILINDA IPI. Haisemi KITU GANI. Lakini fundi aisoma na kusema papo hapo, "Koili." Kubahatisha kule kule, ila sasa kuna taa. Hamisha koili kwa jirani kwanza, ndugu, namba ikihama utajua. Tena angalieni mnavyoandika. Toyota na Datsun huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa rejeta, na Peugeot huhesabu kutoka upande wa flaiwili. Fundi wa asubuhi akiandika "silinda ya kwanza imekufa," na fundi wa jioni akaja kutoka gereji nyingine, atafungua silinda nzima. Andikeni "ile iliyo karibu na rejeta," hapo hata mtoto ataiona.

Magari ya dizeli yana mambo yake, tutayaandika siku nyingine.

Wasimamizi watasema, "Hatuna wakati wa kuhamisha-hamisha." Lakini mlikuwa na wakati wa kutuma mtu dukani mara tatu! Mlikuwa na wakati wa kuosha kabureta nusu siku, maziwa yakiharibika juani! Kuhamisha plagi mbili ni kazi ya dakika chache. Wengine watasema madereva wengine huharibu magari kweli. Ndiyo, wako. Yuko anayeendesha bila oili huku taa nyekundu inamtazama, yuko anayeuza petroli ya tajiri na kujaza takataka. Hatuwatetei hao. Lakini kupima huko huko ndiko kutakakowaonyesha. Mwizi hupenda gereji inayobahatisha, maana humo kosa lake hujificha kati ya makosa ya kubuni.

Na sisi madereva tuna sehemu yetu. Wangapi kati yetu husema tu, "Gari mbaya," wakatupa funguo mezani na kwenda nyumbani? Huyo amempa msimamizi karatasi tupu ajiandikie apendavyo. Mimi mwenyewe nilichekwa mara moja nikanyamaza, na kunyamaza huko kuliniponza theluthi ya mshahara mara tatu.

Wakumbukeni waliotutangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Fred Kubai alipokuwa akiwakusanya watu wa barabara, madereva na makanika waliingia katika chama kimoja, wala halikuwa jambo la bahati. Mwezi wa Mei mwaka 1950 yeye na Makhan Singh walipokamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waliweka chini vyombo vyao bila kuulizana nani ashika spana na nani ashika usukani. Leo neno la kanika ndilo linalotumiwa kumkata dereva, na kesho neno la dereva litatumiwa kumfukuza kanika. Wa tatu anapata faida na hashiki hata kimoja.

Kwa hiyo tawi litaleta azimio mkutanoni. Tutataka kila gari liwe na daftari lake. Dereva aandike humo kwa mkono wake LINI lamisi: baridi au joto, mlimani au tambarare, mguu mzito au mwepesi, kila mara au mara moja moja. Asiyeweza kuandika, mwenzake amwandikie. Fundi aandike chini yake alichopima na alichokiona, kabla hajaandika anachotaka kununuliwa. Kitu kilichotolewa garini kionyeshwe dereva na kiwekwe, kisitupwe. Na pasiwe na makato yoyote kwa ajili ya injini mpaka daftari lifunguliwe mbele ya mwakilishi wa chama, na mwajiri aonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa kusudi.

Mwajiri akikataa, usitie sahihi karatasi yoyote siku hiyo. Sema, "Bwana, nitaisoma na mwakilishi wangu." Chukua nakala. Afisa wa kazi yuko Nakuru, na mahakama ya mambo ya ajira na kazi inakaa Nakuru pia. Si lazima kwenda Nairobi.

Waliokatwa mshahara kwa sababu ya injini, hata kama ni zamani, walete karatasi zao za malipo kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano. Walio na plagi, koili au waya zilizotolewa garini wakalipishwa, wazilete pia, zifungwe katika karatasi yenye jina la gari na tarehe. Mimi waya wangu ninao.